Kovu Bila Jeraha: Filamu ya Pili ya Simba Ilivyotuangusha

Ukimwambia mtu hapa Uingereza kwamba nyumbani kwenu mnasema Kiswahili, mara nyingi atakujibu kwa maneno mawili, na maneno yenyewe unayajua. Hakuna matata. Atayasema kwa furaha, akingoja na wewe ufurahi. Wengi wetu chamani tumeshajifunza kutabasamu na kupita. Mwenzetu mmoja ambaye wazazi wake ni wa Bukavu huwa anajibu kwamba kwao matata yapo, tena mengi, lakini hajapata mtu wa kulisikiliza jibu hilo hadi mwisho.

Muhula uliopita tuliamua kulikabili jambo lenyewe. Tulitenga Ijumaa tano tukautazama ukoo mzima: The Lion King ya mwaka 1994, mwendelezo wake wa 1998 uitwao Simba's Pride, ile ya vichekesho ya 2004 inayojulikana Marekani kama The Lion King 1½, ile iliyotengenezwa upya kwa kompyuta mwaka 2019, na Mufasa ya mwishoni mwa 2024. Swali letu lilikuwa lile linaloulizwa kila familia inapotoka sinema imenuna: kwa nini ya pili haifikii ya kwanza? Tulitarajia jibu liwe pesa. Pesa imo, na tutaisema. Lakini kufikia Ijumaa ya pili tulikuwa tunabishana juu ya jambo jingine kabisa, na ubishi huo haujaisha hadi leo.

Tuanze na sifa, maana lawama bila sifa si haki. Kabla ya kuchora, baadhi ya watengenezaji wa filamu ya kwanza walisafiri hadi Kenya mwaka 1991, wakatembelea Hell's Gate karibu na Naivasha, na mwanga na majabali ya huko yanaonekana. Majina waliyoyachukua katika lugha yetu ni machache, na mengi yamekaa mahali pake. Simba ni simba, kama vile baba yake hakuona haja ya kulipamba jina. Rafiki ni rafiki. Pumbaa amepumbaa. Sarabi, mama yake Simba, ana jina ambalo wengi wetu hatukulijua hadi mwalimu alipotueleza kwamba ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana barabarani wakati wa jua kali. Na Shenzi, yule fisi jike, ana jina ambalo majumbani mwetu lingekupatia kofi. Tukiwa wadogo tulifurahi mno kulisikia likitamkwa kwenye televisheni bila adhabu.

Hadithi nayo ni nzito. Baba anauawa na ndugu yake, mtoto anaaminishwa kwamba kosa ni lake, anakimbia. Wengi wameona humo kivuli cha Hamlet ya Shakespeare. Sisi tuliona kitu cha karibu zaidi: mtu aliyeondoka kwao akiwa mdogo, akalelewa na wageni wema, akazoea chakula chao (ingawa ni wadudu), kisha siku moja akafuatwa na mtu wa kwao na kuulizwa kwa nini hajarudi. Hakuna nyumba ya mwanachama wetu ambayo swali hilo halijaulizwa, kwa simu au sebuleni.

Hapo ndipo wanaotusalimu kwa maneno mawili wanapopotea njia. Ndani ya filamu, hakuna matata si hekima. Ni usingizi mtamu. Ni maneno ya kumsahaulisha Simba alikotoka, na hadithi nzima inamngoja ayaache. Ukiyatoa humo ukayachapa kwenye fulana, unabaki na usingizi peke yake. Na fulana zenyewe zina mwenyewe: Disney iliyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama yake ya biashara, jambo lililozua malalamiko makubwa mwaka 2018, ilhali Them Mushrooms wa Kenya walikuwa wakiyaimba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa pesa. Mwaka huo huo wa 1994 Disney ilitoa kanda ya The Return of Jafar, mwendelezo wa Aladdin ya 1992. Haikupitia sinema, ilikwenda moja kwa moja madukani. Robin Williams, aliyempa jini sauti na nusu ya uhai wa filamu ya kwanza, hakuwemo. Kanda ilinunuliwa sana hata hivyo, na mlango ukafunguka. Ikaja Pocahontas ya pili mwaka 1998, The Little Mermaid ya pili mwaka 2000, hata Cinderella ya pili mwaka 2002, zaidi ya nusu karne baada ya Cinderella ya kwanza. Kazi hizi kwa kawaida hazikufanywa na mafundi wa filamu za mwanzo, bali na tawi la katuni za televisheni, kwa bajeti ndogo. Mnunuzi alikuwa mzazi aliyechoka, amesimama dukani na mtoto, akaona kwenye jalada sura anayoijua. Hakuna aliyehitaji kumshawishi kwamba hadithi ina pa kuendelea.

Wazazi wetu wa Tanzania walicheka tulipowaeleza haya. Wao wanazikumbuka filamu za Bongo za enzi za diski, zilizokatwa katikati zikauzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, ukanunua hadithi moja mara mbili. Lakini sehemu ya pili ya Bongo angalau ilikuwa na mwisho wa ile ya kwanza. Usipoinunua, hujui kama bibi harusi alipona.

Simba's Pride ilipitia mlango huo huo. Simba sasa ni mfalme na ana binti, Kiara. Nje ya mipaka, katika nchi kavu, wanaishi simba waliofukuzwa kwa sababu walikuwa wafuasi wa Scar, yule ami muuaji. Kiongozi wao ni Zira, na watoto wake ni Nuka, Vitani na Kovu. Kiara na Kovu wanakutana wadogo, wanatenganishwa, wanakutana tena wakubwa, wanapendana. Ni Romeo na Juliet wenye mikia, ila hawa hawafi.

Sikio la Mswahili linaanza kuwasha mapema. Nuka ananuka, haya, utani wa kitoto. Zira amezira, na kwa kweli amezira kwelikweli. Vitani ni jina zuri hasa kwa binti aliyezaliwa wakati wa ugomvi, na halina ajabu kwa watu wenye shangazi wanaoitwa Shida na Tabu. Lakini katikati ya filamu Rafiki anawaimbia vijana wale wawili habari za mahali panapoitwa Upendi, kwa wimbo wenye rangi nyingi, na tunapewa kuelewa kwamba maana yake ni mapenzi. Upendo tunaujua. Upendi ndio nini? Mbaya zaidi, vijana wa leo huangusha herufi h wanapoandikiana kwenye simu, hivyo mtu akikuuliza “mbona upendi?” anakuuliza kwa nini hupendi. Wapenzi wetu basi wanazungushwa huku na huku wakiimbiwa kwamba hawapendi. Chumba kizima kilicheka, na mwalimu aliyekuwa mgeni wetu usiku ule akaomba kipande kirudiwe.

Ni herufi moja tu, utasema. Lakini inaonyesha mtu aliyekumbuka kwamba humu huwa mnawekwa maneno ya Kiswahili, bila kumwuliza anayeyasema.

Ingekuwa ni hilo tu tungecheka tukaenda kulala. Kilichotukalisha pale hadi mlinzi wa jengo akaja kutaka kufunga ni Kovu.

Scar kwa Kiswahili ni kovu. Mtazamaji wa Marekani labda hakulijua hilo mwaka 1998. Sisi hatuwezi kutolijua. Kovu si mtoto wa damu wa Scar. Filamu inalisisitiza hilo, maana vinginevyo angekuwa ndugu yake Kiara, ingawa wanachama wetu wa Pwani walishangaa tatizo liko wapi. Ni mtoto aliyepewa jina la alama iliyokuwa usoni mwa mtu mwingine. Anakua akiambiwa nani alimdhulumu nani, nchi ipi ilikuwa yao, na siku gani itafaa kumuua Simba. Yeye mwenyewe hajawahi kukwaruzwa. Ana kovu bila jeraha.

Hapo tulinyamaza kidogo. Chumbani mle alikuwemo mwenzetu ambaye babu na bibi yake waliondoka Unguja mwaka 1964 na hatimaye wakafika Muscat. Alikuwemo mwingine ambaye baba yake aliikimbia Uvira wakati wa vita, na mwingine ambaye mama yake, Mrundi, aliishi kambini mkoani Kigoma kabla ya kufika huku. Hakuna kati yetu aliyeona lolote katika hayo kwa macho yake. Lakini tunajua majina ya mitaa ambayo hatujaikanyaga, na tunajua ni watu gani hawatajwi wakati wa chakula. Mmoja wetu alisema alijua kumchukia mtu fulani kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Ndiyo maana tunasema, na tunajua baadhi ya wasomaji watatupigia kelele, kwamba filamu ya pili ilikuwa na jambo kubwa kuliko ile ya kwanza. Ya kwanza inauliza kama aliyekimbia atarudi. Ya pili inauliza kama waliofukuzwa watarudi, na watoto wao wafanye nini na hasira wasiyoianzisha. Na aliyewafukuza ni Simba, steringi wetu, yule tuliyemlilia. Fundi angepewa mti huo angechonga mtumbwi wa kuvukia bahari.

Sasa tazama walivyoufanya. Kwanza, hawakuliamini jina lao wenyewe. Kovu bila jeraha lilionekana fumbo gumu mno, basi katikati ya hadithi Zira anamkwaruza mwanawe usoni, jichoni, pale pale alipokuwa na alama Scar, ili hata aliyeketi nyuma kabisa asipitwe. Kovu akapata kovu, na wazo zuri likafa. Pili, hatuambiwi waliofukuzwa walifanya nini hasa. Katika filamu ya kwanza simba majike tuliowajua walikuwa wanamchukia Scar. Hawa wafuasi wake walikuwa wapi? Wametokea tu, wameshahukumiwa, na kesi hatukuisikia. Tatu, kila hadithi inapofika pagumu inakimbilia picha za zamani. Mtoto anainuliwa juu ya jabali, kama mwanzo. Kuna moto, kama mwanzo. Kuna mtego kwenye korongo, kama mwanzo. Adui anaanguka kutoka juu hadi chini, kama mwanzo. Na kuna mvua.

Mvua hiyo ndiyo iliyotuudhi. Makundi mawili yamekutana kupigana. Kiara na Kovu wanasimama katikati, binti anasema maneno machache kwamba wote ni wamoja, Simba anaelewa, Vitani anavuka upande, wenzake wanamfuata, na miaka yote ya ufukara katika nchi kavu inafutwa kabla manyoya hayajakauka. Mwenzetu wa Muscat aliitazama tena filamu hii likizoni pamoja na bibi yake, akimtafsiria. Bibi alifuatilia vizuri sana. Simba wote walipokwisha kurudi jabalini pamoja, akauliza: “Haya, wamerudi. Sasa watalala wapi?” Filamu ilikuwa imeisha.

Si wote chamani waliokubaliana na hukumu hii. Wapo waliosema tunamdai mtoto wa miaka sita deni la watu wazima, na kwamba mtoto anahitaji kwanza kuamini kwamba inawezekana, maswali ya kulala yatakuja baadaye. Wakaongeza kwamba mbele ya kifo chake Zira ananyooshewa mkono na Kiara na anaukataa, na huo si uongo, wapo wanaoukataa. Na dada mmoja alitueleza kwamba wadogo zake wanaipenda ya pili kuliko ya kwanza kwa sababu mwenye hadithi ni msichana anayembishia baba yake. Kwa hili la mwisho hatukuwa na jibu la maana, na hatujalipata.

Kuhusu ile ya 2004 tutasema kwa ufupi kwamba ilitufurahisha kuliko tulivyotegemea. Inasimulia hadithi ile ile ya kwanza kutoka pembeni, kwa macho ya Timon na Pumbaa, na kwa kuwa haidai ukubwa haivunjiki. Ya 2019 si mwendelezo. Ni marudio, na simba wake wanafanana na simba halisi kiasi kwamba nyuso zao hazisemi kitu. Simba halisi hajui kuhuzunika mbele ya kamera.

Ili tusimwonee Disney peke yake, tulitazama nyumbani, na wazazi, Coming 2 America ya mwaka 2021. Coming to America ya 1988 ni mali ya wazazi wetu hasa. Mwana wa mfalme wa Zamunda, Eddie Murphy akiwa kijana, anahamia Queens, New York, na kupiga deki katika mgahawa ili apate mke atakayempenda bila kujua utajiri wake. Kwa baba aliyekuwa mwalimu kwao na huku akaanza kwa kufagia ofisi usiku, filamu hiyo haikuwa kichekesho tu. Ilikuwa siri yake: nyinyi hamjui mimi ni nani.

Baada ya miaka 33 Akeem amekuwa mfalme mwenye mabinti watatu. Mkubwa, Meeka, amejiandaa maisha yake yote kutawala, lakini sheria inataka mrithi wa kiume. Hadithi hiyo hapo, imekaa tayari mezani. Filamu inaiacha na kwenda Queens kumtafuta kijana wa kiume aliyepatikana katika usiku mmoja ambao filamu ya kwanza haikuwahi kuuonyesha, na kwa ajili hiyo sura za Murphy na Arsenio Hall zikarudishwa ujana kwa kompyuta. Wazee wa kwenye kinyozi bado wamekaa viti vile vile. Mwishoni Akeem anabadilisha sheria, Meeka anapewa haki yake kwa haraka, na karamu inaendelea. Mavazi ya Ruth E. Carter ni mazuri mno, hilo halina ubishi, na mama zetu walisimamisha picha mara kadhaa kutazama mishono. Lakini ni ugonjwa ule ule: jambo lipo, ni zito, na waliolishika wakaogopa kwamba wateja wamekuja kwa ajili ya kinyozi.

Zipo zinazoweza. Paddington 2 ya mwaka 2017 ni mfano tunaoupenda, na si kwa sababu tu dubu mwenyewe ni mhamiaji aliyefika London na kibandiko shingoni. Haikujaribu kumfikisha tena London. Alishafika. Ikamuuliza jambo ambalo mhamiaji huulizwa baadaye: ukishazoeleka mtaani, na siku moja ukasingiziwa wizi, majirani watakuwa upande gani? Ikampeleka gerezani na kutuacha huko naye kwa muda mrefu. Hugh Grant hatujapata kumwona amechangamka kiasi kile.

Tukafika Ijumaa ya mwisho, Mufasa. Tuliingia tukiwa tumenoa visu. Mwongozaji ni Barry Jenkins, yule wa Moonlight, na kwa nusu ya kwanza tuliviweka chini. Hii inarudi nyuma ya filamu ya 1994, kwa hiyo haina budi kuishia tunapopajua. Hata hivyo inathubutu kitu ambacho ile ya kwanza isingethubutu: Mufasa si wa damu ya kifalme. Ni mtoto aliyesombwa na mafuriko, akapotezana na wazazi, akaokotwa na kundi la wengine ambalo mkuu wake hapendi wageni, akalelewa upande wa kina mama. Mrithi wa kweli ni Taka, rafiki yake, ndiye atakayekuja kuitwa Scar. Hata Kiswahili kimesikilizwa vizuri zaidi. Taka ni uchafu, na ni kutaka pia, na mtoto huyo ana yote mawili. Nchi wanayoitafuta inaitwa Milele, na mtu aliyelelewa na wazazi wanaosimulia kwao kana kwamba huko hakuna mbu wala mgao wa umeme anajua ni kwa nini panaitwa hivyo.

Kisha nusu ya pili ikaanza kulipa madeni. Kila tulichokikuta mwaka 1994 kilipaswa kutafutiwa cheti cha kuzaliwa: alama ya usoni ilitoka wapi, jina la Scar lilianzaje, Mufasa alikutanaje na Sarabi. Na swali kubwa, la mgeni aliyelelewa nyumbani akawa hodari kuliko mwenye nyumba, likapunguzwa hadi wivu wa vijana wawili kwa binti mmoja. Taka anasaliti kwa sababu Sarabi hakumchagua. Tulikuwa tunangoja asaliti kwa sababu ya kiti, kwa sababu ya mama yake, kwa sababu ya kukua akiambiwa kwamba kila kitu ni chake huku akiona kwa macho yake kwamba si hivyo. Yote hayo yalikuwemo katika saa ya kwanza. Mmoja wetu alisema ni kama kupikiwa pilau kwa harufu, halafu sahani ikaja na chipsi.

Hata hivyo, tulipoulizana ni ipi kati ya hizi zote tungewaonyesha wadogo zetu baada ya ile ya kwanza, wengi walisema Mufasa, isimamishwe kabla ya Sarabi kuingia. Wachache, akiwemo yule wa Muscat, walisema Simba's Pride, lakini mtu mzima awepo kujibu maswali.

Muhula ujao tutaanza na Paddington in Peru, ya tatu, ambayo imemtoa dubu London. Aliyeichagua ameombwa aje na hoja zake tayari, na sambusa.